Muuguzi Mmoja kwa Kila Wilaya: Utunzaji wa Nyumbani kwa Familia Zinazoishi na Ugonjwa wa Parkinson

Mwaka 2008 jarida la Movement Disorders lilichapisha utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, ulioongozwa na Catherine Dotchin na Richard Walker pamoja na wenzao wa Kitanzania. Katika eneo lenye wakazi 161,071, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye dalili za ugonjwa wa Parkinson. Waliwapata 33, wanaume 23 na wanawake 10. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu yeyote jina la maradhi yanayowasumbua.

Namba hiyo ya wagonjwa 33 inaweza kusomwa kwa namna mbili. Wapo watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa wachache, na nchi ambayo bado inapambana na malaria, kifua kikuu na vifo vya wajawazito haina sababu ya kuutengea fungu. Usomaji wa pili unauliza swali jingine: ni huduma gani ya afya ambayo mtu mmoja aliyesomea kazi yake anaweza kuimudu kwa wilaya nzima, akawajua wagonjwa wake wote kwa majina, nyumba wanazoishi na saa wanazomeza vidonge? Makala haya yanautetea usomaji huu wa pili. Uchache wa wagonjwa umekuwa kisingizio cha kutofanya lolote, ilhali uchache huohuo ndio unaoifanya kazi iwezekane.

Sisemi kwamba familia zetu zianze kutunza wagonjwa nyumbani. Zinawatunza tangu zamani, na kwa mwenye Parkinson hapana mahali pengine pa kutunziwa. Ninachosema ni kwamba familia hizo zimeachiwa kazi ya kitaalamu bila kufundishwa, bila uhakika wa dawa na bila mtu wa kuzipokea zamu. Kuiita hali hiyo mila njema ya Kiafrika ya kuwaheshimu wazee ni kujificha nyuma ya mila.

Kile ambacho barabara haionyeshi

James Parkinson, tabibu wa London, alipoandika kijitabu chake cha mwaka 1817 alieleza habari za watu sita tu, na baadhi yao hakuwahi kuwapima; aliwaona barabarani. Alikuwa hodari wa kueleza kile ambacho mpita njia anaweza kukiona: mkono unaotetemeka hata ukiwa umepumzika, mgongo ulioinama, hatua fupifupi zinazokimbilia mbele. Alitaja pia usingizi unaovurugika na tumbo linalogoma, ila vizazi vya madaktari waliomfuata viliukumbuka zaidi mtetemeko. Kliniki zetu nazo humwona mgonjwa kipita njia. Anaonwa kwa dakika chache, baada ya miezi kadhaa, tena siku ambayo amejitahidi kumeza dawa mapema ili aweze kupanda basi. Anayeuona ugonjwa mzima, mchana na usiku, ni mke, binti, mkwe au dada wa kazi.

Chanzo cha ugonjwa ni kufa kidogo kidogo kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuanzisha na kuratibu mwendo. Hakuna dawa inayozirudisha seli hizo. Levodopa, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo, na ikichanganywa na kabidopa hufanya kazi vizuri kwa dozi ndogo zaidi; mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba idadi hiyo imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25.

Nyumbani, kinachoumiza kwanza mara nyingi si mtetemeko bali uso. Misuli ya uso hukakamaa, tabasamu hupotea, macho hupepesa kwa nadra. Sauti nayo hushuka hadi kuwa mnong'ono. Kijana anamwamkia babu shikamoo, na marahaba inachelewa, ikija inakuja kwa sauti isiyofika mlangoni. Mtoto anaamini babu amekasirika. Mke anaamini mumewe amenuna. Katika jamii ambayo salamu ndiyo kipimo cha kwanza cha uhusiano, uso usiojibu unaweza kuvunja nyumba kabla mkono haujaanza kumwaga chai. Jambo hili linaelezeka kwa dakika tano. Hakuna kipimo cha maabara kinachohitajika wala fedha ya kigeni, anatakiwa tu mtu anayejua na mwenye nafasi ya kuketi na familia. Hata hivyo, familia nyingi hazijawahi kuelezwa.

Kidonge nacho kina saa yake. Levodopa haikai mwilini. Hata ikiwa na kabidopa, nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi. Miaka ya mwanzo mgonjwa hutosheka na dozi tatu kwa siku, lakini ugonjwa unavyokomaa nafuu ya kila kidonge hufupika, na kuchelewa kwa nusu saa kunaweza kumwacha mtu amekaa kitini asiweze kujigeuza. Maelekezo ya kutwa mara tatu, ambayo kwa dawa nyingine humaanisha asubuhi, mchana na jioni kwa kukadiria, hapa hayatoshi. Familia inahitaji saa ya ukutani au kengele ya simu, na inahitaji kuelewa sababu. Vilevile dawa hii haikatizwi ghafla. Mgonjwa aliyeishiwa vidonge safarini, au aliyelazwa wodini ambako dawa hutolewa kwa ratiba ya wodi, anaweza kukakamaa na kupandwa na homa kali ya kuhatarisha maisha. Kwa Waislamu, familia inapaswa kuzungumza na daktari na shehe wake kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na hapaswi kuona haya kuitumia.

Kisha kuna chakula. Levodopa hupita kwenye utumbo na kuingia ubongoni kwa njia ileile inayotumiwa na protini, hivyo kidonge kinachomezwa pamoja na sahani ya maharage, dagaa au nyama kinaweza kupoteza nguvu. Kwa Mchaga wa Hai, mtori ndicho chakula anachopewa mgonjwa, na ni chaguo zuri kwa mtu anayepata shida kumeza, kwa sababu ni laini na mzito, hauteremki kwa kasi kama maji. Mtori huo una nyama. Suluhisho si kumnyima mzee nyama, maana wagonjwa wa Parkinson hukonda na wanahitaji chakula cha kutosha. Anamezeshwa kidonge nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo, na kwa wale ambao chakula kinawaathiri waziwazi, sehemu kubwa ya protini inasogezwa hadi jioni. Mshauri wa lishe aliyesoma kitabu cha Ulaya atazungumzia jibini na maziwa ya mtindi. Mama wa Machame, hukohuko Hai, anataka kuambiwa habari za mtori.

Kutembea kunastahili kuzungumziwa kwa undani zaidi, kwa kuwa hapa Hai imeufundisha ulimwengu kitu. Mgonjwa wa Parkinson huganda. Anafika mlangoni, au anataka kugeuka kuelekea kiti, na miguu inagoma kana kwamba imenasa sakafuni. Ndugu mwenye nia njema humvuta mkono na kumhimiza: tembea basi! Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumwangusha. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua kutoka ndani unaweza kusaidiwa kuianzisha kutoka nje, kwa mdundo, kwa kuhesabu moja mbili, kwa mstari uliochorwa sakafuni au fimbo iliyolazwa mbele ya mguu ili airuke. Mwaka 2010 Lynn Rochester na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi ya aina hiyo waliyoyafanya kaskazini mwa Tanzania kwa wagonjwa ambao walikuwa hawajaanza kutumia dawa yoyote. Kundi la namna hiyo ni vigumu kulipata Ulaya, ambako mgonjwa akishagunduliwa huanzishiwa dawa mapema. Wagonjwa wale waliboresha mwendo wao, kasi na urefu wa hatua, kwa kufuata mdundo. Kinachobaki ni kuuliza kwa nini mbinu iliyothibitishwa katika ardhi yetu haijulikani kwa majirani wa wale walioithibitisha. Kijiji chenye kwaya au ngoma hakikosi mdundo.

Choo hakizungumzwi sana kwenye mikutano ya kitaaluma, labda kwa sababu kinatia aibu. Vyoo vya kuchuchumaa, viwe vya shimo au vya maji, ni mateso kwa mtu ambaye magoti yake hayakunjiki kwa hiari na ambaye shinikizo la damu hushuka anaposimama. Wengi huanguka huko. Wengine hupunguza kunywa maji ili wasiende mara kwa mara, na matokeo yake choo kinakuwa kigumu zaidi, ilhali kufunga choo ni dalili ya ugonjwa wenyewe na huchelewesha dawa kufyonzwa. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati cha kuwekwa juu ya shimo, pamoja na mti wa kushikia uliochimbiwa ukutani. Papai, mboga za majani na maji ya kutosha vinafanya mengine. Mavazi pia ni sehemu ya tiba. Dera, msuli na kanzu havina vifungo vya kumtesa mtu ambaye vidole vyake haviko tena chini ya amri yake, na mzee anayevaa mwenyewe kila asubuhi ana heshima ambayo haitolewi na kidonge.

Usiku ni mgumu zaidi. Mgonjwa hawezi kujigeuza kitandani, hivyo lazima ageuzwe ili asipate vidonda vya kulalia. Wengine hupiga mateke na kupiga kelele usingizini. Ugonjwa ukishakomaa, wengine huona watoto au wanyama wasiokuwepo chumbani. Hapo ndipo familia hukimbilia kwa mganga au kwa mchungaji wa maombezi, na siwezi kuilaumu, kwa kuwa hakuna mwingine anayefungua mlango saa nane za usiku. Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2011 na Gerry Mshana na wenzake, ulionyesha jinsi watu walivyokuwa wakiuita huu ugonjwa wa kutetemeka, wengi wakiuhusisha na uzee na wapo waliousogeza upande wa urogi. Kumbe kuona vitu visivyokuwepo kunaweza kuletwa na dawa zenyewe, na kukizuka ghafla mara nyingi hutokana na mambo yanayotibika: maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, choo kilichofunga, au dozi iliyopandishwa.

Na zahanati inaweza kuuchochea moto. Mgonjwa anayetapika huchomwa metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Anayeweweseka hupewa haloperidoli. Dawa zote mbili huzuia dopamini, yaani hufanya kinyume kabisa cha levodopa, na zinaweza kumlaza kitandani mtu aliyekuwa akitembea jana yake. Benzeksoli, ambayo ni rahisi na inapatikana kwenye kliniki za afya ya akili, hupunguza mtetemeko kidogo, lakini kwa wazee huvuruga akili na kumbukumbu. Familia yenye kadi ndogo iliyoandikwa majina ya dawa za kuepuka, na inayoitoa kila inapofika kwa tabibu, inaweza kuzuia madhara ambayo bingwa wa mishipa ya fahamu aliyeko Dar es Salaam au Moshi hawezi kuyazuia kwa simu.

Familia ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa nguzo ya msingi ya matunzo ya wazee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 57, inakwenda hatua moja mbele: inawapa wazee haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na kutoka kwa Serikali. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukiitaja familia peke yake, umeshaamua nani atafanya kazi na nani hatalipa.

Katika mila ya Wachaga, kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kubaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, kuwatunza. Kwenye karatasi utaratibu huo unapendeza. Leo kitinda mimba yuko Arusha akiendesha bodaboda au Dar es Salaam akiuza vifaa vya simu, na kihambani amebaki mama wa miaka 70 akimgeuza mumewe wa miaka 75. Kwa kuwa wagonjwa wengi waliogunduliwa Hai ni wanaume, wanaobeba mzigo kwa kiasi kikubwa ni wake zao, nao ni wazee wenye magonjwa yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa Dotchin na wenzake pia, ulipima mzigo wa walezi katika wilaya hiyohiyo. Ulikuta Parkinson inaambatana na mzigo mkubwa kwa walezi. Mtu anayeamini kwamba familia ya Kiafrika haichoki aanzie hapo.

Kuna jambo ambalo sisi wenyewe tunaweza kulirekebisha bila kusubiri wizara. Mtanzania anajua kuunda kamati. Harusi ikitangazwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku uleule, mwenyekiti na mweka hazina huchaguliwa, na mamilioni ya shilingi hukusanywa kwa ajili ya ukumbi wa saa sita. Msiba ukitokea, rambirambi haikosekani. Lakini kwa miaka kumi kati ya siku mama alipoanza kutetemeka na siku ya mazishi yake, ukoo huohuo hauna kamati, hauna daftari la zamu, hauna mfuko wa vidonge. Kazi inamwangukia binti mmoja, kwa kawaida yule ambaye hajaolewa au aliyeachika, na malipo yake ni kuambiwa atabarikiwa. Kikao cha ukoo kingeweza kugawa mambo matatu tu: nani ananunua dawa, nani analala na mgonjwa wikendi ili mlezi apumzike, nani anamsindikiza kliniki. Anayeishi Muscat au Toronto na hawezi kulala na mgonjwa anaweza kumlipa mtu wa kulala naye.

Hesabu ya muuguzi mmoja

Turudi kwenye namba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wapatao 59,850,000 Tanzania Bara, na halmashauri ni 184. Tukichukua kiwango kilichopatikana Hai, wagonjwa 20 kwa kila watu 100,000, tunapata wagonjwa wapatao 12,000, yaani wastani wa 65 hivi kwa kila halmashauri. Hai ina wazee wengi kuliko wilaya nyingi, kwa hiyo makadirio yanaweza kuwa ya juu. Upande wa pili, ugonjwa usiotambuliwa hauhesabiki vizuri, na watu wetu wanaishi miaka mingi zaidi mwaka hadi mwaka. Hata tukizidisha mara mbili, tunabaki na idadi ambayo muuguzi mmoja mwenye pikipiki, simu na mafunzo ya wiki chache anaweza kuihudumia kwa kumtembelea kila mgonjwa mara kadhaa kwa mwaka.

Kwa nini asifundishwe kila muuguzi na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii? Kwa sababu ujuzi usiotumiwa hupotea. Kijiji chenye watu 3,000 kwa kiwango hiki hakifikishi mgonjwa mmoja, na mhudumu wake angefundishwa leo, akakutana na mgonjwa baada ya miaka, akiwa ameshasahau. Uholanzi ililiona tatizo hilo upande wa fiziotherapia. Mtandao wa ParkinsonNet, ulioanzishwa mwaka 2004 na Bastiaan Bloem na Marten Munneke, uliwaelekeza wagonjwa kwa wataalamu wachache waliofunzwa badala ya kuwatawanya kwa kila mtaalamu wa jirani, ili wachache hao wawe na wagonjwa wa kutosha na uzoefu wao ukue. Nchi hiyo ni tajiri, lakini kanuni yenyewe haihitaji utajiri, na sisi tusio na wataalamu wengi tuna sababu kubwa zaidi ya kuifuata.

Mhudumu wa jamii ana nafasi yake. Mpango jumuishi wa wahudumu hao ulizinduliwa Tanzania Januari 2024, na Kenya ilikuwa imewapeleka vijijini wahamasishaji wake wa afya zaidi ya 100,000 mwezi Septemba 2023. Kwa Parkinson wanahitaji kujua maswali machache tu: mkono unatetemeka ukiwa umepumzika? Unaburuza mguu? Vifungo vya shati vimeanza kukushinda? Jibu likiwa ndiyo, wanampigia muuguzi wa wilaya. Muuguzi ndiye atakayefika, akachunguza, akaandika rufaa ya kuthibitisha ugonjwa, kisha akarudi nyumbani kuifundisha familia mambo ya uso, saa, mtori, mdundo na choo. Yeye ndiye atakayejua pia kwamba mlezi hajalala wiki mbili.

Hatuanzi na ardhi tupu. Tangu shirika la WAMATA lilipoanzishwa mwaka 1989, na katika miaka yote kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, Tanzania ilijenga ujuzi mkubwa wa kumtunza mgonjwa wa UKIMWI nyumbani. Wahudumu walitembea na mikoba, walijua kuosha, kugeuza, kulisha, kuketi na mtu anayekata tamaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliegemea fedha za wafadhili na moyo wa kujitolea, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu: mradi unaoendeshwa kwa posho huisha posho inapoisha. Ndiyo maana muuguzi ninayemtetea lazima awe mwajiriwa wa halmashauri mwenye mshahara na cheo, si mjitoleaji wa mradi wa miaka mitatu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la dawa. Mafunzo bila levodopa, atasema mfamasia, ni maneno matupu. Ana sehemu ya haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu famasi za Kenya ulionyesha kwamba dawa hizi hazipatikani kwa uhakika, na zinapopatikana bei inawashinda wengi. Huku Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu, lakini msamaha hauna maana dirisha la dawa linapomjibu akanunue nje. Hata hivyo mafunzo na dawa havishindani. Bohari ya Dawa haiwezi kuagiza vidonge kwa ajili ya wagonjwa ambao hakuna anayejua idadi yao. Kinachokosekana kwenye maoteo ya zahanati hukosekana kwenye rafu. Muuguzi mwenye daftari la wagonjwa 65 na dozi zao ndiye anayeweza kumwambia mfamasia wa wilaya kiasi halisi cha vidonge vya robo mwaka. Hai imeshaonyesha kuwa inawezekana: wagonjwa waliogunduliwa waliwekwa kwenye levodopa na kufuatiliwa kwa miaka mitatu, na ripoti yake ilitoka mwaka 2011.

Wengine watauliza habari za upupu. Ni kweli kwamba mbegu za mmea huo, ambao watoto wa shamba wanaujua kwa kuwasha, zina levodopa ya asili, na jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba dozi moja ya unga wa mbegu zilizokaangwa inaweza kukaribia nguvu ya kidonge. Ahadi hiyo haipuuzwi. Lakini kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, unga hauna kabidopa ya kupunguza kichefuchefu, na anayeuchanganya na vidonge kwa siri anaweza kujidhuru. Msimamo wangu ni kwamba familia isiuanze yenyewe, na muuguzi aulize kwa upole kama tayari unatumika.

Kuhusu gharama, mengi anayojifunza muuguzi huyu hayaishii kwenye Parkinson. Kumgeuza mgonjwa, kumlisha anayepaliwa, kiti cha choo, kupumzisha mlezi: hayo yote ndiyo mahitaji ya nyumba yenye mtu aliyepata kiharusi au mwenye dimensia, na nyumba hizo ni nyingi. Mambo ya Parkinson peke yake ni machache: saa ya kidonge, kuganda, dawa za kuepuka. Halmashauri inayomwajiri kwa ajili ya wagonjwa 65 itakuta anahitajika na mamia. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwezi Mei 2022 mpango wa utekelezaji wa mwaka 2022 hadi 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, na nchi wanachama ziliukubali. Muuguzi wa wilaya ni njia nyepesi ya kuutekeleza, na haidai jengo jipya.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Mganga mkuu wa wilaya anayeyasoma makala haya ana mambo mawili ya kufanya kwanza. Aagize kila kituo cha afya kifungue daftari la watu wenye ugonjwa wa Parkinson, likiwa na jina la mlezi wa kila mmoja na namba yake ya simu. Kisha aombe nafasi moja ya muuguzi na pikipiki moja.